Alitoroka gerezani, kisha akakata rufaa: mahakama inapima nini hasa?

Walitoka kumi na wawili, wakarudi kumi na mmoja. Kesi za namna hii huanzia kwenye hesabu. Asubuhi nyampara, yaani mfungwa kiongozi, anawapanga wenzake, askari magereza anaandika idadi, kundi linaingia shambani. Mwezi wa tatu huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mahindi yamempita mtu kimo, na ukungu ukishuka hata sare ya rangi ya chungwa haionekani hatua ishirini mbele. Jioni hesabu inakataa.

Tutembee na mfano huu hadi mwisho, kwa sababu sheria hueleweka vizuri ikiwa na mtu ndani yake. Ni mfano wa kubuni. Gereza silitaji na kijana simpi jina. Anatumikia miaka 5 kwa kosa la wizi, na siku anayotoweka amebakiza miezi 11. Siku ya 9 anakamatwa Makambako, kajibanza juu ya lori la mbao. Anapelekwa mahakama ya wilaya, anasomewa shtaka la kutoroka chini ya ulinzi halali, anaulizwa kama ni kweli. Anajibu: "Ni kweli nilikimbia, mheshimiwa, ila nilikuwa napigwa na wenzangu, nikaona nitakufa." Hakimu anaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Mwendesha mashtaka anasimama, anasema mshtakiwa alitoroka akiwa shambani tarehe fulani na akakamatwa tarehe fulani, anakaa. Siku hiyohiyo kijana anatiwa hatiani na kupewa miaka 3. Akirudishwa gerezani, anaomba akate rufaa.

Hapo ndipo watu wanapochoka naye. Simulia habari hii Mwanjelwa pale Mbeya au Kihesa pale Iringa uone: "Si amekiri mwenyewe? Rufaa ya nini tena?" Nimeulizwa hivyo na watu wazima wenye akili timamu, wengine wakiwa ndugu wa wafungwa ambao nimewasaidia kufuatilia nakala za hukumu. Nalijibu swali hilo kwa urefu kwa sababu ndani ya kesi hiyo fupi mahakama imeteleza zaidi ya mara moja, na karibu kila anayeisikia hajaona, maana macho yake yote yako kwa mtoro.

Kosa lenyewe lina maneno machache

Kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kwa ufupi kwamba mtu aliye chini ya ulinzi halali akitoroka ulinzi huo ametenda kosa dogo la jinai. (Namba za vifungu ninazotumia ni za Toleo la Marejeo la mwaka 2019. Ukiwa na toleo jipya zaidi, tafuta kichwa cha kifungu kabla ya namba.) Ufupi huo unadanganya. Ndani yake mna mambo matatu ambayo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima iyathibitishe pasipo kuacha shaka yenye mashiko: kwamba mtu huyo alikuwa chini ya ulinzi, kwamba ulinzi ulikuwa halali, na kwamba aliuacha kwa kukusudia. Na juu ya yote, kwamba aliyesimama kizimbani ndiye yeye.

Ulinzi hauhitaji ukuta. Mfungwa aliye shambani na jembe, aliye kitandani hospitali ya rufaa huku askari ameketi mlangoni, au aliye ndani ya karandinga kuelekea mahakamani, wote wako chini ya ulinzi. Mahabusu naye ni hivyohivyo, ingawa bado hajahukumiwa. Wapo wanaodhani kwamba mahabusu akikimbia hana kosa kwa kuwa Katiba inamchukulia kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Dhana hiyo inahusu lile shtaka lililomleta. Haimpi ruhusa ya kujifungulia mlango.

Neno zito ni "halali". Kinachomweka mfungwa gerezani ni karatasi, yaani hati ya kifungo iliyosainiwa na mahakama. Mkuu wa gereza hampokei mtu kwa sababu askari amemleta. Anampokea kwa sababu hati inamwamuru. Mahabusu naye ana amri yake ya mahakama, yenye tarehe ya kurudishwa mbele ya hakimu. Na mtu aliye mikononi mwa polisi analindwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ambayo inaweka saa 24 kuwa kipimo cha kumfikisha mahakamani au kumfikiria dhamana.

Sasa, vipi kama hati ina kasoro? Vipi kama kile kifungo cha kwanza cha miaka 5 kilitolewa kimakosa, na mwaka ujao Mahakama Kuu ikakifuta? Swali hili huwapendeza sana wafungwa, na jibu lake huwavunja moyo. Katika nchi zilizorithi mapokeo ya sheria za Kiingereza, amri ya mahakama ni halali mpaka mahakama ya juu iifute. Aliyefungwa kwa hukumu mbovu ana njia ya rufaa. Hana njia ya miguu. Kwa hiyo aliyetoroka mwezi wa tatu, kisha akashinda rufaa ya wizi mwezi wa tisa, bado anaweza kuwa na hatia ya kutoroka.

Kukosekana kabisa kwa hati ni jambo jingine. Mwananchi wa kawaida anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Wananchi wakimfungia mtu stoo siku tatu wakisubiri aseme alikoficha mbuzi, naye akavunja mlango mguu niponye, sioni ulinzi halali uliotorokwa hapo. Aliyekwisha kumaliza kifungo chake akaendelea kushikiliwa kwa uzembe wa hesabu, naye naona ana hoja nzito. Tofauti kati ya karatasi yenye kasoro na kutokuwa na karatasi ndiyo inayoamua kesi nyingi za aina hii, na hakuna anayeijadili kijiweni.

Kama kijana wetu angekana shtaka, Jamhuri ingelazimika kumleta askari aliyekuwa zamu, askari aliyemkamata, kitabu cha hesabu, na hati ile ya kifungo. Hati isipotolewa kuwa kielelezo cha ushahidi, mrufani, yaani aliyekata rufaa, anapata mahali pa kushika. Hata ikitolewa, lazima ipokelewe kwanza ndipo isomwe kwa sauti mahakamani mshtakiwa akisikia. Mahakama ya Rufani ililisisitiza jambo hilo mwaka 2003, na tangu hapo vielelezo visivyosomwa vimekuwa vikiondolewa kwenye kumbukumbu, wakati mwingine kesi nzima ikaanguka navyo.

"Ni kweli"

Lakini hakukana. Alisema ni kweli. Na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu maneno hayo mawili ndiyo kiini cha rufaa yake.

Kifungu cha 360 cha Sura ya 20 kinasema aliyetiwa hatiani kwa kukiri kosa hawezi kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Ni kifungu chenye mantiki: huwezi kusema leo nimefanya, kesho ukaomba mahakama ya juu iulize kama ulifanya. Mlango wa hatia unafungwa, wa adhabu unabaki wazi. Wengi wanaoishia hapo hudhani kijana ameshajifunga.

Mahakama zetu, hata hivyo, zimekuwa zikiuliza swali la kabla ya hilo: je, kweli alikiri? Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza namna ya kupokea jibu la mshtakiwa, na utaratibu huo unafuatwa hadi leo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, pamoja na kila kiungo cha kosa, yaani kila jambo linalolikamilisha. Anachojibu kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa ukaribu uwezekanao. Kikiwa ni ukiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali au ana la kuongeza. Akikataa jambo la msingi, au akiongeza neno linaloweza kuwa utetezi, hakimu abadilishe jibu liwe la kukana na kesi isikilizwe. Asipokataa ndipo atiwe hatiani. Mambo ya kuombewa huruma yanakuja baada ya hapo.

Mahakama Kuu nayo, mwaka 1983, ilizitaja njia nne ambazo aliyekiri anaweza kuzipitia kupinga hatia yake. Ya kwanza, ukiri wake ulikuwa na utata au haukukamilika. Ya pili, alikiri kwa kukosea au kutoelewa. Ya tatu, shtaka alilosomewa halionyeshi kosa lolote linalojulikana kisheria. Na ya nne, hata kwa maelezo aliyoyakubali, sheria isingeweza kumtia hatiani.

Turudi kwa kijana. "Ni kweli nilikimbia" ni ukiri wa kukimbia. Kosa aliloshtakiwa nalo ni kutoroka ulinzi halali. Je, alikubali kwamba ulinzi ulikuwa halali? Labda, kwa kuwa alijua yeye ni mfungwa. Ila maelezo ya mwendesha mashtaka hayakusema alifungwa na mahakama ipi, kwa kosa gani, kwa hati ipi. Yalisema alitoroka na akakamatwa, basi. Kiungo kizito kuliko vyote hakikutajwa na mtu yeyote mahakamani siku ile. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu yake ya rufaa yenye nguvu kuliko zote, na inaingia katika ile njia ya nne.

Kisha kuna lile neno dogo, "ila". Nilikuwa napigwa, nikaona nitakufa. Wakili wa serikali atasema hayo ni maombi ya huruma tu. Wakili wa mrufani atasema ni utetezi, na kwamba hakimu aliposikia "ila" alipaswa kuweka kalamu chini, amuulize zaidi, kisha aandike kwamba mshtakiwa amekana. Mimi niko upande wa pili. Hakimu hakuhitaji kumwamini. Alihitaji tu kutambua kwamba ameambiwa jambo linalostahili kusikilizwa.

Lugha imechangia sana katika migogoro ya namna hii. Kwa miaka mingi kesi zilisikilizwa kwa Kiswahili na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Sentensi ndefu ya mshtakiwa, pamoja na "ila" yake, ilipita kichwani kwa hakimu ikatoka upande wa pili ikiwa maneno matatu. Jaji wa rufaa hakuwepo. Anachokiona ni hayo matatu. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwa suala hili la ukiri naiona kuwa hatua kubwa kuliko watu wanavyoipa sifa. Hata hivyo Kiswahili nacho si cha kila mtu. Mzee wa Makete aliyekua na Kikinga, au bibi wa Rungwe anayeongea Kinyakyusa tu, ana haki ya mkalimani, na ukiri alioutoa bila kuelewa unaingia katika ile njia ya pili.

Kupigwa kunaweza kuwa utetezi?

Tukubali kwamba kesi ingesikilizwa na kijana akathibitisha kwamba alikuwa akipigwa. Angeachiwa?

Sheria yetu ni ngumu hapa. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinamsamehe mtu aliyelazimishwa, lakini kwa masharti membamba: kosa liwe limetendwa na wakosaji wawili au zaidi, na yeye awe ametishwa na wenzake hao kwamba atauawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo asipotenda. Tishio la kudhurika baadaye halitoshi. Mfungwa aliyeshikiwa panga na wenzake akaambiwa "twende au tunakumaliza" anaweza kuingia humo. Aliyekimbia peke yake akihofia kipigo cha usiku anaingia kwa shida sana.

Nchi nyingine zimetafuta njia ya kati. Marekani, mwaka 1980, Mahakama ya Juu ilikuwa na shauri la wafungwa waliotoroka jela jijini Washington wakidai kulikuwa na vipigo na mioto iliyowashwa humo ndani. Mahakama ilisema anayetaka kujitetea hivyo lazima aonyeshe kwamba alijaribu kujisalimisha mara tu hatari ilipokwisha. Waliokaa nje wiki na miezi bila juhudi ya kweli ya kujisalimisha walikosa hoja. Ukimpima kijana wetu kwa kipimo hicho, zile siku 9 na lile lori la mbao vinamwumiza. Angekwenda kituo chochote cha polisi njiani akasema "nimekimbia kipigo, nipelekeni gereza jingine", habari yake ingekuwa na sura tofauti kabisa.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi: mfungwa anayetoroka peke yake, asimpige mtu wala kuvunja kitu, hashtakiwi kwa kutoroka. Wanaona kiu ya uhuru ni sehemu ya ubinadamu. Anayemsaidia, yeye hushtakiwa. Siwezi kusema nataka tuwaige, kwa kuwa huku kwetu mtoro mmoja hulitia hofu bonde zima. Nataja tu ili ionekane kwamba ukali wa kosa hili ni uamuzi wa nchi, na uamuzi huo unaweza kupimwa.

Adhabu: ile miaka 3 ilitoka wapi?

Hapa hoja haina utata. Kifungu cha 116 kinataja kosa na hakitaji adhabu. Sheria ikikaa kimya hivyo, hakimu anapaswa kufungua kifungu cha 35, kinachosema kosa lisilowekewa adhabu yake litaadhibiwa kwa faini au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Miaka 2 ndiyo dari. Miaka 3 ni mwaka mzima juu ya dari.

Kosa la namna hii linatokeaje? Mara nyingi kwa jicho kuteleza. Jirani na kifungu hiki kuna kosa la kumsaidia mfungwa kutoroka, ambalo ni kosa kubwa na lina kifungo cha hadi miaka 7. Hakimu mwenye mafaili mengi mezani, mbele yake mtu aliyekiri na ambaye hakuna wa kumwonea huruma, anakadiria. Ndiyo, sheria inamwadhibu vikali anayeingiza msumeno gerezani kuliko yule anayekimbia. Ndugu wa wafungwa wanaosoma haya waliweke moyoni: aliyeficha kitu ndani ya ugali ili mwanawe atoke anaweza kufungwa zaidi ya mwanawe.

Ni muhimu kutofautisha adhabu haramu na adhabu kali. Miaka 3 ni haramu, na mahakama ya rufaa haina hiari: lazima iiondoe, hata kama mrufani hakulitaja, hata kama alikiri kosa kwa moyo mweupe. Lakini tuseme angepewa miaka 2 kamili. Hiyo ni halali, na sasa anayelalamika lazima aonyeshe kwamba hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, au alisahau jambo la msingi, au adhabu imezidi kiasi waziwazi. Jaji haingilii kwa sababu tu yeye angetoa miezi 12. Ataangalia kama hakimu alizingatia kukiri kwake, kwa kuwa aliyekiri hupunguziwa, na kama adhabu ya juu kabisa iliwekwa kwa mtoro wa kawaida badala ya kuachwa kwa yule aliyejeruhi askari. Kwa upande mwingine kijana wetu si mkosaji wa mara ya kwanza, na hilo litasemwa.

Bado kuna hesabu moja ambayo familia huwa hazielezwi. Mtu akipewa kifungo kipya kabla hajamaliza cha kwanza, Kanuni ya Adhabu inataka kipya kianze baada ya cha zamani kuisha, isipokuwa mahakama iamuru viende sambamba. Hakimu wetu hakusema kitu. Kwa hiyo kijana ana miezi 11 iliyobaki, kisha 36: jumla 47. Jaji akishusha miaka 3 iwe miaka 2, inakuwa 35. Akishusha iwe miezi 12 na kuamuru viende sambamba, inakuwa miezi 12 tu. Neno moja, "sambamba", linaweza kuwa na uzito kuliko sababu zote nyingine za rufaa, na nimeona petisheni (maombi ya rufaa) nyingi za wafungwa zisizoliomba.

Kuna jambo la mwisho kuhusu hatia yenyewe. Msamaha wa Rais unapotangazwa, mara nyingi siku ya Uhuru au Muungano, matangazo ya miaka tofauti yamekuwa yakiwataja waliotoroka au kujaribu kutoroka miongoni mwa wasiohusika. Doa la kutoroka linaweza kumnyima mtu nafuu hata baada ya miezi yake kuisha. Kupigania hatia na kupigania adhabu ni mapambano mawili, na aliyechoka na moja asidhani ameshamaliza na lingine.

Siku 10, siku 45

Njia ni hii. Kesi imetoka mahakama ya wilaya, kwa hiyo rufaa inakwenda Mahakama Kuu, Mbeya au Iringa kulingana na eneo. Ndani ya siku 10 tangu hukumu, kijana atoe kusudio la kukata rufaa. Ndani ya siku 45 awasilishe petisheni yenye sababu zake, na siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye huzipeleka mahakamani. Akichelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba aongezewe muda, lakini aeleze kuchelewa kwake kwa ukamilifu.

Kesi hufia hapa kuliko mahali pengine. Kusudio limeandikwa kichwa kisicho sahihi, tarehe haisomeki, dole gumba limesahauliwa. Ndugu, mkisikia rufaa "imeondolewa", msilie bado: imeondolewa kwa kasoro, inaweza kurekebishwa na kurudishwa, mara nyingi kwa kuomba muda upya. Ikiwa "imetupiliwa mbali" baada ya kusikilizwa, hapo imekwisha katika mahakama hiyo.

Dhamana wakati rufaa inasubiriwa ipo kisheria. Kwa aliyetiwa hatiani kwa kutoroka ni mlima, kwa sababu swali la kwanza la mahakama ni kama atarudi. Na kwa mfungwa kama wetu haina maana kwa sasa, kwani hata akipewa bado anadaiwa kifungo cha kwanza.

Mahakama Kuu ina madaraka mapana. Inaweza kufuta hatia, kuamuru kesi ianze upya, kupunguza adhabu, na pia kuiongeza, baada ya kumpa mrufani nafasi ya kusema. Kwa mfano wetu dari ni miaka 2, kwa hiyo hofu hiyo haipo, lakini aliyepewa miezi 4 afikiri mara mbili. Na kwa kuwa ni rufaa ya kwanza, jaji anaupitia ushahidi wote upya kana kwamba anasikiliza mwenyewe. Asiporidhika, mrufani anaweza kwenda Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake Mbeya na Iringa pia, kwa kutoa kusudio ndani ya siku 30. Huko ni hoja za sheria tu. Uhalali wa adhabu ni hoja ya sheria. Ukali wake si hoja ya kupeleka huko.

Jaji akikubaliana nami kuhusu maelezo yale yasiyotaja hati ya kifungo, na kuhusu lile "ila", atafuta hatia na adhabu. Kisha atajiuliza kama faili lirudi chini, kijana asomewe shtaka upya mbele ya hakimu mwingine. Kesi haiamriwi kuanza upya ili kumpa mwendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu yake, na jaji ataangalia pia muda ambao mrufani amekwisha kuutumikia. Pengine ataamuru. Pengine ataona imetosha.

Vyovyote itakavyokuwa, kijana hatoki siku hiyo akiwa huru. Atapanda karandinga arudi alikotoka kumalizia kifungo cha wizi, miezi ileile 11 aliyoiacha shambani, bila kuhesabiwa hata siku moja kati ya zile 9.